Sahani ya Katikati

Kwenye kona ya soko la Punata, mbele ya duka la mishumaa, kuna benchi ambalo Don Casiano, fundi viti, alilichonga kwa mikono yake mwenyewe, na kwa sababu hiyo hakuna anayethubutu kumwambia asogee. Pembeni yake Doña Nieves huweka jiko na sufuria ya api, ule uji mwepesi wa mahindi ya zambarau wenye mdalasini na karafuu, na asubuhi za baridi watu hushika kikombe kwa mikono miwili kana kwamba wanaomba dua. Siku hiyo ilikuwa tarehe mosi Novemba, saa nne kasoro robo. Wanawake walipita haraka na mikate yenye sura za watoto wachanga, na miwa, na vitunguu vyenye maua yake, kwa maana saa sita kamili adhuhuri roho za waliokufa huingia majumbani, na huingia zina njaa. Kwa Casiano ilikuwa mara ya kwanza. Mkewe Hilaria walimzika Februari. Nyumbani watoto walikuwa wakiandaa meza ya marehemu, na yeye alikuwa hapa, kikombe cha tatu, kwa sababu kule picha ya mkewe ilikuwa imeshawekwa kati ya mishumaa, na hapa Hilaria alikuwa bado mtu wa kubishaniwa.

— Narudia tena, maana mmeumbiwa masikio ya kuvalia kofia, — alisema Tarumbeta. Jina lake ni Severo, lakini alipuliza kwenye bendi ya mji miaka ishirini na tangu hapo hajui kusema polepole. — Siri ya supu ya karanga ya Hilaria ilikuwa chungu. Hakikuonja sabuni hata siku moja. Chungu kina kumbukumbu. Ukila supu ya leo umekula na ya mwaka juzi.

— Mla ni mla leo, mla jana kala nini? — alidakia Daktari. Huyu hajawahi kuwa daktari. Aliwahi kufagia kwa daktari wa mifugo, akaondoka na koti.

— Methali hiyo haihusiki hapa.

— Methali inahusika popote itakapopelekwa, bwana. Siri ni mfupa. Ng'ombe wa bondeni mvivu, mfupa wake mtupu. Hilaria alitaka ng'ombe wa mlimani, aliyepata shida. Alikuwa anamuuliza muuza nyama tabia za ng'ombe.

— Ulimsikia?

— Nilikuwepo.

— Wewe ulikuwepo kila penye supu.

Casiano alitabasamu ndani ya kikombe. Walipobishana hivyo alihisi kama Hilaria ametoka mara moja kununua pilipili na atarudi kuwafukuza wote.

— Mwiko niliuchonga mimi, — alisema.

— Haya, huyu naye. Mkewe anasifiwa, yeye anasifu mbao, — alisema Daktari.

— Niwaambieni kitu, — Tarumbeta aliinama mbele. — Lile jiwe lake la kusagia. Alipoolewa lilikuwa nene hivi. Leo limekuwa jembamba kama chapati. Limekwenda wapi?

Akajipiga tumbo kwa kiganja.

— Tumboni mwetu. Tumekula jiwe miaka thelathini na nane. Ndiyo maana hatufi.

— Mwenyewe amekufa, — alisema Doña Nieves bila kuinua uso.

— Basi mwenyewe hakula, — alisema Daktari, kwa mzaha.

Mzaha ule haukumchekesha mtu. Tarumbeta alivua kofia, akaivaa tena, akatafuta njia nyingine.

— Lakini leo atakula. Roho inakula ladha, hilo nimelishuhudia. Mwaka jana kwenye meza ya mama yangu, siku ya pili saa sita, roho zimeshaondoka, tukagawana vyakula. Nyama ya kukaanga ilikuwa kama karatasi. Haina kitu. Lakini viazi vilikuwa na chumvi yake yote. Mama hakupenda viazi. Hapo tukajua amekuja.

— Chakula kimelala usiku mzima mezani, unategemea nini? — alisema Daktari.

— Viazi navyo vililala.

Daktari alikunywa api.

— Sasa hivi nani anajua kupika, — aliendelea Tarumbeta. — Wanangu wananunua supu ya pakiti. Unakata, unamwaga, tayari. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na supu ni hivyo hivyo. Kwa Hilaria Jumapili ulikuwa unasikia harufu ya karanga kuanzia kanisani. Padri mwenyewe alikuwa anafupisha mahubiri.

— Padri alikuwa anakuja na kijiko mfukoni, — alisema Casiano. — Nilimwona.

Hapo ndipo Yobana alipotokea kutoka upande wa soko, aproni imejaa unga. Yobana ni mke wa Wilder, kitindamimba wa Casiano. Ni mtu wa nyanda za joto, kutoka Santa Cruz. Aliolewa Agosti, na mama mkwe wake hakumwona ila kwenye picha.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, binti.

— Baba, meza iko tayari. Mikate ipo, ngazi ya unga ya roho kushukia ipo, miwa, maji, pombe ya chicha. Supu ya karanga nimeipika, ingawa wifi zangu wanasema siyo yenyewe. Imebaki sahani ya katikati. Wameniambia pale panakaa chakula alichokipenda marehemu kuliko vyote.

— Ndivyo.

— Mama alipenda nini?

Casiano alivuta pumzi ajibu. Alilitafuta jibu kama mtu anayepapasa ukutani akiwa na hakika msumari uko palepale.

— Supu ya karanga, — alisema Tarumbeta.

— Hiyo mlipenda ninyi, — alisema Yobana. Hakuwa mbishi, alitaka tu kujua aweke nini. — Wilder kaniambia nikuulize wewe, baba. Na wifi wote wamesema nikuulize wewe.

— Kuku wa Krismasi, — alijaribu Daktari.

— Alikula paja au kidari?

— Alikuwa anagawa, — alisema Daktari, na sauti yake ikapungua.

— Doña Nieves, hapa alikuwa anakunywa api na andazi, au api tupu?

Doña Nieves alifikiri.

— Siku za soko alinunua vikombe vitano, akapeleka nyumbani. Cha sita sikumbuki kama alinunua.

Casiano alikuwa ameinamisha kichwa. Sasa alimwona Hilaria vizuri, jioni kwa jioni. Sahani ya kwanza yake yeye Casiano, ya pili ya mgeni, kisha Wilder, kisha mabinti. Hilaria alibaki kando ya jiko, amesimama, akikwangua chungu cha lawa, ule mchuzi mzito wa unga wa mahindi, kwa mwiko aliopewa na mumewe. Nyumba ya fundi viti, na yeye alikula amesimama.

— Ukoko, — alisema. — Alikuwa anakula ukoko wa lawa. Kila siku.

— Si umeona? — Tarumbeta alishusha mabega. — Ukoko. Kumbe ni jambo dogo. Binti, nenda kaweke ukoko.

Yobana hakuondoka.

— Aliupenda, baba, au ndio uliobaki?

Mwanamke mmoja alipita na mzigo wa miwa, akawasalimu, na salamu ikabaki hewani.

Casiano alijua maneno ya kwamba aliupenda yalitoka wapi. Yalitoka kwake. Mwaka wa kwanza wa ndoa, mbele ya wageni, alisema: mke wangu huyu na ukoko wake, hata umpe nyama atachagua ukoko. Watu wakacheka. Hilaria naye akacheka, mkono mdomoni. Akayarudia maneno hayo kwenye ubatizo wa kila mtoto, na mwishowe nyumba nzima ikaamini. Hata siku moja hakumsogezea sahani iliyojaa aone angefanyaje.

— Kimya kingi kina mshindo mkuu, — alisema Daktari, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemsahihisha.

Kulisikika sauti ya mwiko ukikwaruza. Ni Doña Nieves, alikuwa anainamisha sufuria.

— Api imeisha. Imebaki iliyoshika chini. Kuna anayetaka?

— Nipe mimi, — alisema Casiano.

Alipewa kijiko. Alikuwa na miaka sitini na sita na hakuwahi kuonja kilichoganda chini ya chungu. Kilikuwa kigumu, kina moshi, na kwa mbali sana palikuwa na karafuu. Alikitafuna chote.

— Saa ngapi sasa?

— Saa nne na nusu, baba.

— Lawa inawahi kuiva kabla ya saa sita?

— Inawahi.

— Basi pika. Katikati weka sahani mbili. Moja uchote juu ya chungu, ya kwanza kabisa, mtu mwingine asitangulie, na nyama uweke. Kisha acha chungu kishike, ukwangue, uweke ya pili. Kesho saa sita nitaonja zote mbili. Iliyopotea ladha ndiyo aliyoila.

Yobana aliitikia kwa kichwa. Alipiga hatua, akageuka.

— Na kama ni ile ya juu?

Casiano alimwashiria atangulie akapike, naye akaenda mbio. Mzee alikuwa ameshasimama, mkono wake ukipita juu ya benchi pale ambapo rangi imeliwa na makalio ya miaka mingi.

— Inukeni na ninyi, — aliwaambia wenzake.

— Kuna nini tena?

— Shikeni upande ule. Hili linakwenda nyumbani.

Wakalibeba, wazee watatu, katikati ya soko, watu wakiwapisha na kutouliza. Doña Nieves alibaki na sufuria tupu na alama nne za miguu ya benchi ardhini. Mlangoni kwa Casiano moshi wa lawa ulikuwa umeanza kutoka. Tarumbeta alisimama, jasho likimtiririka, na kwa mara ya kwanza tangu aache bendi akasema polepole:

— Tuliweke wapi? Kando ya jiko?

— Hapana, — alisema Casiano. — Mezani.