Bai Radko na Diski Zisizopenda Haraka

Baada ya miaka thelathini na saba katika Hifadhi ya Nyaraka ya mkoa wetu wa Plovdiv, Radko Tenev anastaafu tarehe 31 Machi 2023. Sisi humwita Bai Radko, yaani kaka mkubwa Radko, na tuliopo chumba cha orodha humtambua kabla hajaingia, kwa harufu ya spiriti ya kusafishia.

Alikuja mwaka 1986 kutoka kiwanda cha diski za kompyuta cha Stara Zagora, atunze mashine mpya. Mashine zikazeeka, yeye akabaki nazo. Watu waliposafisha stoo zao walimletea diski kuukuu, wakamwambia azichomeke tu waone kama zinafanya kazi. Hakuchomeka kitu. Aliwaeleza kwa upole uleule: diski ikilala miaka mingi, grisi huganda, mpira wa ndani huyeyuka ukawa kama lami, na vichwa vya kusomea hunata kwenye sahani inayobeba kumbukumbu. Ukiiwasha ghafla, mota huvuta, kichwa hung'oka au hukwangua, na kilichoandikwa hugeuka vumbi. Huenda ikazunguka mara moja tu iliyobaki. Basi mara hiyo ikukute uko tayari.

Somo hilo alilipata kwa uchungu. Mwaka 1994 wageni kutoka Vienna walikaa nasi wiki nzima. Kwetu Bulgaria kutikisa kichwa ni ndiyo. Kwao ni hapana. Kwa adabu, Bai Radko akajizoeza kujibu kama wao. Siku ya tano mwenzake Ilarion, Mbulgaria kama yeye, akamuuliza kama awashe diski ya vipimo vya mvua. Bai Radko akatikisa kichwa kigeni. Ilarion akaelewa kikwetu, akawasha. Mkwaruzo ulisikika hadi jikoni, na mvua ya miaka tisa ikapotea. Ilarion alimtania miaka yote kwamba ndiye mtu pekee aliyeleta ukame akiwa amekaa ofisini. Bai Radko alicheka, lakini alibandika karatasi juu ya meza yake: hapa tunajibu kwa mdomo.

Mume wangu Lazar, aliyekuwa mwenzetu hapa, alifariki mwaka 2018. Aliacha kamusi ya maneno ya vijiji vya milima ya Rodopi, kazi ya miaka kumi na sita, ndani ya diski moja ya zamani. Nakala nyingine hatukuipata. Mkurugenzi alitaka iwashwe kabla ya maadhimisho ya Mei, sikukuu ya alfabeti yetu, na kusema kweli hata mimi nilitaka. Bai Radko alikataa. Kwa wiki kumi na moja alipima umeme bila diski, akabadilisha kapasita zilizovimba, vile vikopo vidogo vya kutunzia umeme, akauzungusha mhimili kwa kidole, unywele kwa unywele. Nilimpelekea banitsa, mikate ya tabaka yenye jibini, nikijifanya napita tu.

"Ginka," aliniambia, "mimi nitanenepa, lakini diski haitaharakishwa."

Siku yenyewe aliniuliza kama awashe. Nikatikisa kichwa. Mkono wake haukusogea.

"Kwa mdomo, dada."

"Washa," nikasema.

Ilizunguka dakika kumi na tisa, ikanyamaza, na haijaamka tena. Alikuwa amenakili faili kwa faili, kila faili maneno ya herufi moja ya kamusi. Zilizopotea ni herufi tatu za mwisho wa kamusi. Aliniomba radhi kwa hizo tatu. Ninayo maneno 4,212 ya Lazar. Kama tungeiwasha nilipotaka mimi, nisingekuwa na hata moja.

Sasa Bai Radko anahamia Rodopi, kijijini kwa mama yake. Amenunua daftari, na anasema atawauliza bibi wa huko maneno ya herufi zile tatu. La kwanza ameshalileta: jina la theluji inayoanguka huku jua linawaka. Ameliandika kwa penseli, maana bibi wawili hawajaafikiana linavyotamkwa.

Bai Radko, asante kwa kila ulichokataa kuwasha. Tunakutakia afya, kuni kavu, na majirani wenye kumbukumbu ndefu wanaopenda kubishana.

Ginka Stoeva, Chumba cha Orodha