Mashoto Amekwenda Kazini

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mwenye chai amimine, mwenye kiti asogee. Leo tunamkumbuka Clifford Orgill wa Ellisbrook, mji wa makaa ya mawe usio na makaa tena, kaskazini ya Leicester, Uingereza. Clifford alifariki dunia mwezi uliopita akiwa na umri wa miaka sitini na mitano. Kazi yake ilikuwa fundi wa mashine za kufulia, na alikuwa fundi mzuri. Lakini wengi waliojaa kanisani siku ya mazishi hawakumjua kwa mashine. Walimjua kwa askari.

Askari wa plastiki, wasikilizaji. Wale wenye urefu wa rula ya shule, wanaovaa kofia na buti, na magoti yao yanapinda. Clifford Orgill aliwakusanya maisha yake yote. Watu huuliza mtu mzima anaanzaje jambo kama hilo. Kwa Clifford jibu lipo, na linaanzia kwa mama yake.

Mama yake aliitwa Edna. Alifanya kazi katika kiwanda cha midoli nyuma ya stesheni ya reli, na kazi yake ilikuwa kuwapa askari viganja. Viganja vililainishwa kwenye maji ya moto, kisha vikasukumizwa kwenye vifundo vya mikono. Vya kushoto vilikaa kwenye sanduku la kushoto, vya kulia kwenye sanduku la kulia. Ni kazi rahisi kwa anayeitazama. Kwa anayeifanya kutwa nzima akipiga soga, ina mitego yake.

Kiwanda hicho kilikuwa na sheria moja iliyowachekesha wanawake wote wa pale. Neno "mwanasesere" lilikuwa marufuku. Wakubwa waliamini hakuna baba atakayemnunulia mwanawe wa kiume mwanasesere. Kwa hiyo huyu alikuwa askari, mlangoni, mezani, hata chooni. Wanawake wakaigeuza sheria hiyo kuwa mchezo. Aliyeteleza ulimi alipika chai ya meza nzima. Edna aliteleza wiki yake ya kwanza, akapika chai, na hakuteleza tena.

Alichoteleza ni mkono. Siku moja masanduku yalibadilishana nafasi, na Edna alikuwa katikati ya habari za harusi ya jirani. Akatia viganja vya kushoto pande zote mbili, trei nzima. Askari wote wa trei ile wakatoka na mikono miwili ya kushoto.

Hawakutupwa. Wenye kasoro waliuzwa kwa wafanyakazi mlangoni, siku ya Ijumaa, kwa bei ya kutupa. Ndiyo maana watoto wa Ellisbrook walikua na askari wenye jicho moja la buluu na moja la kahawia, au mguu uliotazama nyuma. Waliona hivyo ndivyo askari walivyo. Binamu mmoja alipokuja kutoka Derby na askari aliyekamilika kila kiungo, walimcheka mpaka akamficha.

Clifford alikuwa na miaka saba alipoletewa wake, mwenye mikono miwili ya kushoto. Akamwita Mashoto. Alilala naye, alikula naye. Dada yake Glenys, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaota meno, alimuuma Mashoto kisigino cha kushoto na kuacha alama. Wasikilizaji, ishikeni alama hiyo. Kisigino cha kushoto, jino la Glenys.

Baba yao, Wilfred, alikuwa mchimba makaa. Maneno yake yalikuwa machache na hayakuwa na mto wa kukalia. Jioni moja, wanakula viazi na soseji, alimtazama Mashoto aliyeegemezwa kwenye chupa ya siki.

"Edna, mwanao ana mwanasesere."

"Ni askari," akasema Edna.

"Ana nguo za kubadilisha?"

"Anazo."

"Basi ni mwanasesere."

Alilisema neno hilo kila jioni, na kila jioni Clifford aliinamisha kichwa. Kisha asubuhi moja Mashoto hakuwepo dirishani alipozoea kusimama. Clifford alipekua nyumba nzima. Baba aliporudi jioni, nywele bado mbichi kwa kuoga, mtoto alimsubiri mlangoni na kumuuliza Mashoto yuko wapi.

"Amekwenda kazini," akasema baba.

"Kazi gani?"

"Kazi. Wanaume huenda kazini."

Basi. Edna aliuliza naye akapewa maneno hayohayo. Clifford alilia siku nyingi, na baba hakuongeza neno.

Krismasi ya mwaka ule Wilfred alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliingia duka kubwa la mjini, la vioo, akanunua askari mpya kwa bei kamili, ndani ya sanduku lake. Akaliweka mezani mbele ya mwanawe. Sanduku lilikuwa na dirisha la plastiki. Clifford akachungulia viganja. Kimoja cha kulia, kimoja cha kushoto.

"Siyo yeye," akasema, na akalisukuma sanduku likarudi upande wa baba.

Wilfred alichukua kofia yake akatoka kwenda klabuni. Edna akaliweka sanduku juu ya kabati. Halikufunguliwa. Wala jambo hilo halikuzungumzwa tena baina ya baba na mwana. Wilfred alikufa kwa kifua, kwa vumbi la makaa, Clifford akiwa na miaka kumi na tisa.

Sasa tufike kwenye ukusanyaji wenyewe. Clifford alikuwa ameamua kichwani kwamba baba yake alimgawa Mashoto kwa mtoto wa mchimba makaa mwenzake. Kama aligawiwa, basi yupo. Kama yupo, ataonekana. Alipokuwa kijana aliingia kwenye mauzo ya vitu vikuukuu kanisani, akaona askari mwenye mikono miwili ya kushoto amelala kati ya vikombe. Akamvua buti, akatazama kisigino. Hakuna jino.

Akamnunua hata hivyo. Hakuweza kumwacha. Na kwa kuwa mama yake alikuwa ameharibu trei nzima, walikuwepo wengine, na Clifford akawafuata mnada kwa mnada, kutoka Nottingham hadi pwani ya Lincolnshire. Njiani alinunua na wenye mikono ya kawaida, maana macho yakishazoea kutafuta hayajui kuacha. Kabati moja likawa mawili. Chumba cha wageni kikakosa wageni.

Wakusanyaji wenzake waliona jinsi anavyomvua kila askari buti na kukikagua kisigino bila kusema kitu. Wakadhani ni ujuzi mkubwa wa siri. Wakaanza nao. Hadi leo, ukienda kwenye maonyesho ya askari wa plastiki katika kaunti zile, utawaona wazee wenye miwani wakivua buti ndogo na kutikisa vichwa kwa heshima, wasijue wanatazama nini. Glenys anacheka akilikumbuka hilo.

"Jino langu moja," anasema, "limewatia wazee wazima wazimu."

Mke wa Clifford, Thelma, aliolewa akiwa anajua. Anasema alimwuliza swali moja tu kabla ya harusi, kama kitandani watakuwa wawili au kikosi. Walikuwa wawili, na waliishi vizuri.

Lile sanduku la Krismasi nalo lilikuwepo. Lilikaa peke yake kwenye rafu ya juu, halijafunguliwa. Kwa wakusanyaji, sanduku la wakati ule lisilofunguliwa ni jambo la kusimamisha mazungumzo. Mwenzao mmoja, Bwana Roland Tebbutt, alimwomba auziwe mwaka hadi mwaka. Clifford alikataa, lakini si kwa mapenzi. Thelma anasema alilifuta vumbi kama mtu anayemhudumia mgeni asiyempenda. Kwake lilikuwa fidia ya kosa ambalo baba hakutaka kulitaja. Aliumia nalo, wasikilizaji, na aliumia akiwa mtu mzima mwenye mvi.

Chama chao cha wakusanyaji kilikutana Jumapili moja ya kila mwezi, katika ukumbi wa zamani wa wachimba makaa. Clifford alikuwa amewaletea desturi ya kiwandani kwa mama yake. Anayesema "mwanasesere" ananunulia meza nzima chai.

Miaka mitano iliyopita aliingia pale mzee aitwaye Horace Beniston, mchimba makaa mstaafu aliyepita themanini. Hakufuata askari. Alifuata meza ya biliadi, akakuta imefunikwa kitambaa na kupangwa vikosi. Akanung'unika. Kisha akasimama mbele ya meza ya Clifford, akainama, akamwona mmoja wa wenye mikono miwili ya kushoto.

"Mwanasesere huyu namjua," akasema.

Meza nzima ikadai chai. Mzee Horace akauliza hii ni serikali gani inayotoza watu kwa neno, lakini akatoa. Clifford akamvutia kiti. Akamwuliza kwa upole alimjulia wapi.

"Chini," akasema Horace. "Mgodini. Alikaa kwenye kibanda cha simu. Alikuja naye Wilf Orgill, ndani ya kibati cha chakula."

Clifford akamwambia Wilf Orgill alikuwa baba yake. Mzee akamtazama vizuri, kisha akasimulia.

Wilf alimshusha mgodini ili wenzake wacheke kosa la mkewe. Na walicheka. Walisimama pale kibandani wakimpokezana, kila mmoja akijaribu kumfanya apige saluti kwa mkono wa kulia asiokuwa nao, badala ya kwenda mbele mahali pao pa kazi. Wakiwa wanacheka, dari ya kule mbele ikaanguka. Yote. Mahali ambapo wangekuwa wameinama. Hakuna aliyeguswa.

"Jioni Wilf akataka kurudi naye nyumbani," akasema Horace. "Tukamkatalia. Tukamwambia, ukimpandisha huyo, sisi hatushuki tena. Akasema ni wa mtoto. Tukasema mnunulie mwingine. Tulikuwa watu wazima, kijana, na tulimnyang'anya mtoto. Tuliogopa."

Clifford akauliza kwa nini baba hakusema. Horace akashangaa swali lenyewe. Hakuna mtu wa Ellisbrook aliyepeleka nyumbani habari za dari kuanguka. Mke angelalaje? Ungeanzaje kumwambia mtoto askari wako kabaki kazini, bila mama yake kuuliza kabaki kwa nini?

Clifford alikuwa amebakiwa na maswali mawili. La kwanza lilikuwa kisigino.

"Kina jino," akasema Horace. "Wilf alituonyesha. Alisema, hili ni la binti yangu."

La pili alilisema polepole. Aliuliza kule chini baba alimwitaje.

"Sisi tulisema mwanasesere. Yeye alikasirika kila mara. Alisema, huyo siyo mwanasesere, huyo ni askari. Askari wa mwanangu."

Wasikilizaji, nyumbani Wilfred Orgill hakulitamka neno askari hata mara moja. Alikuwa akilitumia chini ya ardhi.

Mgodi ulipofungwa, Mashoto hakutolewa. Horace anasema hakuna aliyethubutu kuwa wa kumtoa. Shimo lilijazwa mawe, na leo juu yake ni maegesho ya magari ya duka kubwa. Clifford alikuwa akiegesha gari lake pale kila Jumamosi.

Alimaliza chai yake. Akamshukuru mzee, akaenda nyumbani. Thelma alikuwa jikoni akimenya karoti. Anasema mumewe aliingia na lile sanduku, akaliweka mezani, akachukua kisu cha mboga na kukata gundi ya zaidi ya nusu karne. Thelma, ambaye naye alijua sanduku lile ni kitu gani, aliacha kumenya. Hakumzuia.

Akamtoa askari wa baba yake. Akachemsha maji. Akalainisha kiganja cha kulia, kama mama yake alivyokuwa akifanya, akakivuta. Kwenye droo yake ya vipuri akatafuta kiganja cha kushoto, akakisukumiza mahali pake. Akamsimamisha dirishani, mikono miwili ya kushoto. Kisha Clifford akakaa akalia, kwa sauti, na Thelma akakaa naye.

Tangu siku hiyo hakumvua tena askari buti. Maonyesho aliendelea kwenda, kwa soga na keki.

Clifford Orgill alifariki kwa moyo, asubuhi, akiwa amelala. Kwa niaba ya kipindi hiki tunawapa pole mjane wake, Bibi Thelma, na dada yake, Bibi Glenys, na wenzake wote wa Jumapili. Pole zetu pia kwa Mzee Horace, ambaye bado yupo, na ambaye alikuja mazishini amevaa tai.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, tunawaachia la kufikiri. Huenda juu ya kabati lenu kuna kitu mlicholetewa na mtu asiyejua kusema. Mkiwa bado mnaye mletaji, kifungueni mbele yake.

Baada ya mazishi, wakila sandwichi ukumbini, Bwana Roland Tebbutt alimsogelea Thelma. Ni mtu mstaarabu, alisubiri mpaka wengine waondoke karibu. Akasema amefika nyumbani kutoa pole, na hakumwona yule askari wa dirishani, yule wa kwenye sanduku. Akauliza kama yuko salama.

Thelma akamgeukia Glenys, aliyekuwa kando akimimina chai. Asubuhi ile, kabla jeneza halijafungwa, Glenys alikuwa amemtia askari yule kwenye mfuko wa koti la kaka yake. Kwa hiyo Glenys ndiye aliyejibu.

"Amekwenda kazini," akasema, na akamjazia Bwana Tebbutt kikombe.