Bi Sittana na Mfuko wa Damu wa Haji Babikir

Baada ya miaka thelathini na miwili katika benki ya damu ya hospitali yetu hapa Atbara, Bi Sittana Hamdnallah anastaafu tarehe 30 Aprili 2014. Alianza kama mwosha chupa. Anaondoka akiwa mkuu wa maabara, na ni mishipa michache mjini ambayo hajaichoma.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuwapima kaswende wachangiaji kabla ya kutolewa damu. Fomu ya zamani iliwauliza habari za ugonjwa huo madereva wa malori na vijana wasiooa tu. Upuuzi! Daftari la Bi Sittana lilionyesha kwamba wengi waliokutwa nayo ni waume za watu, waliopita miaka arobaini, walioletwa na ukoo kwa sababu ndugu yao amelazwa. Alilibwaga daftari hilo mezani kwa wakubwa mpaka fomu ikabadilishwa. Kaswende haiulizi heshima ya mtu.

Kisa kinachofuata nakiandika kwa ruhusa ya mwenyewe. Mwaka 1997 Haji Babikir, mfanyabiashara wa tende, alimleta mkaza mwanawe akivuja damu baada ya kujifungua. Nyuma yake walikuja wanaume tisa wa ukoo. Kwao mdogo hamtangulii mkubwa, iwe kwenye sinia au kwenye sindano. Haji akapimwa wa kwanza, akakutwa na kaswende. Angekataliwa, angeaibika mbele ya wote, na hao tisa wangeondoka naye. Mgonjwa angekufa.

Bi Sittana akamlaza Haji kitandani, akamtoa mfuko mzima mbele ya macho yao, akampa glasi ya sharubati nyekundu ya karkadeh.

"Mmeona?" Haji akanguruma. "Haya, wavivu nyinyi, pandeni!"

Wakapimwa, saba wakafaa, mgonjwa akapona. Kesho yake Bi Sittana akamwita Haji faraghani, akamweleza yote.

"Damu yangu mmeimwaga, binti yangu?"

"Tumeichoma moto, Haji."

"Yote?"

"Yote. Na Jumapili uje na wake zako wote wawili, nao wapimwe."

"Bora ungenichoma mimi!"

Alikuja nao. Sindano za wiki tatu zilimfanya ashindwe kukaa. Sokoni akamsingizia punda wake.

Mkurugenzi wa wakati ule alimwandikia Bi Sittana barua ya onyo kwa kuharibu mfuko wa damu. Bi Sittana aliipokea bila kujitetea, kwa kuwa kujitetea kungekuwa kumtaja mtu. Barua ile ilikuwa ya kijinga. Aliyeiandika akitaka kunijibu, ofisi yangu anaijua: ndiyo iliyokuwa yake.

Sisi tulijua haya mwezi uliopita tu. Haji, sasa mzee wa fimbo, alileta wauza tende thelathini kuchangia damu. Walipoona meza ya vipimo, kila mmoja akamsukuma mwenzake mbele. Haji akagonga mlango kwa fimbo.

"Mnaogopa nini? Mimi nilikutwa na kaswende humu humu! Mwanamke huyu akanitibu, akanisitiri. Ingieni!"

Wakaingia wote. Bi Sittana akajifunika uso kwa pindo la tobe aliyojitanda, utadhani ni yeye aliyekutwa nayo.

Asante, Bi Sittana. Uishi vizuri, ulale mchana, na usije kutukagua kabla ya Idi.