Mama Giza na Mashati Meupe

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza, Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, wanafunzi, ndugu wageni waalikwa, na wewe shemeji uliyetuazima mkeo miaka yote hii bila kulalamika, walau hadharani: habari za mchana.

Nimepewa kazi ya kumuaga mwenzangu wa maabara ya sola, anayestaafu leo, ambaye wengi wenu mnamjua kama Mama Giza. Wageni msishtuke. Jina hilo alilipata kwa sababu alipaka rangi nyeusi kuta zote za chumba cha vipimo, akatundika mapazia meusi, kisha akatuvalisha na sisi makoti meusi. Mtu akipita korido alidhani tumefiwa.

Kwa nini yote hayo? “Shati jeupe nalo linaakisi mwanga,” alizoea kutuambia. “Likiwa karibu na seli, linaimulikia. Utasifia seli, kumbe unasifia dobi.”

Seli zetu ni nyembamba mno. Wembamba unapunguza gharama, ila una kasoro yake: mwanga unaingia mbele na kutokea nyuma kabla haujafanya kazi yoyote. Tukaweka nyuma tabaka la kuakisi, laini kama kioo cha kinyozi. Mwanga ukarudi, lakini ulirudi kwa njia ileile ukaenda zake. Mama Giza ndiye aliyetaka tabaka hilo liwe na vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho, ili mwanga urudi kwa mshazari, ugonge huku, ugonge kule, ubaki ndani mpaka unyonywe wote. Alisema ni kama kumchelewesha mgeni mlangoni kwa maongezi. Shemeji, nadhani hapo umemwelewa kuliko sisi.

Sasa niwarudishe kwenye siku ya wakaguzi. Seli ikishindwa kuvuka kiwango, maabara ifungwe, na jasho lote la Mama Giza liishie stoo. Ndivyo tulivyoambiwa. Kipimo kikafanyika uani, juani, mbele ya watu wote, na mita ikavuka kiwango vizuri tu. Tukaanza kupeana mikono. Mkuu wa Chuo, ulinikumbatia, sijui kama unakumbuka.

Ndipo nikamwona Mama Giza amekunja uso. Alikuwa anawatazama wakaguzi, mashati meupe pepepe, wameizunguka meza na kuiinamia seli.

“Samahani,” akasema, “naomba mrudi nyuma. Mpaka ukutani.”

Jamani, nani alikuwa amemuuliza? Nikamvuta koti, nikamnong’oneza, “Dada, acha.”

Akanijibu bila hata kupunguza sauti: “Hii seli ikipanda kwenye paa la zahanati, nani atasimama kule juu na shati jeupe?”

Wakaguzi wakarudi nyuma. Mita ikaanza kushuka. Ikashuka, ikashuka tena, ikaukaribia ule mstari wa kiwango, ikasitasita, ikatulia. Ilikuwa juu ya mstari. Kwa unywele, lakini juu.

Sijawahi kushusha pumzi kama siku ile. Tungeshangilia ushindi wa kwanza, kisha tungeishi na wasiwasi, tukingoja siku ushindi huo utakapotuumbua. Huu wa pili tumelala nao usingizi mpaka leo. Mkaguzi mkuu alitia sahihi palepale, kisha akauliza koti jeusi kama lile linashonwa wapi. Na mganga wa zahanati yuko hapa ukumbini. Jokofu lake la chanjo linaendeshwa na seli hizo, na hakuna aliyepanda paani kuzimulikia.

Dada, leo umekuja na gauni jeupe. Shemeji ananiambia ilibidi linunuliwe, maana nyumbani halikuwepo. Lakini nakuona umeketi kule nyuma, ukutani, kwa mazoea yako.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa masikio yenu na kwa uvumilivu wenu. Na wewe dada, asante kwa usingizi wetu. Njoo ukae huku mbele, karibu nasi. Leo hatupimi kitu.