Kasuku Asiyesema wa Maktaba ya Kulwarra

Na Maree Tonkin, Mkutubi

Baada ya kuitumikia Maktaba ya Kulwarra kwa miaka ishirini na tisa, Bwana Neville Noske anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 Februari. Katika karatasi za halmashauri cheo chake ni Mhudumu wa Jengo. Mjini anaitwa Nev, na ukiuliza Nev anafanya kazi gani utajibiwa, "Kuongea."

Hakuja kutafuta kazi. Alikuja Januari moja ya joto la kulainisha lami, akiwa fundi wa kujitegemea, kutengeneza kiyoyozi chetu. Kiyoyozi kilipona saa nne asubuhi. Nev aliondoka saa kumi jioni, kwa sababu alikuwa bado anamsimulia mkutubi wa wakati ule jinsi baba yake alivyochimba kisima akapata kiatu. Wiki iliyofuata alirudi kuangalia kama kiyoyozi kinaendelea vizuri. Wiki iliyofuata pia. Mwishowe halmashauri ikaona heri imwajiri.

Programu zetu za kiangazi zilizaliwa na kiyoyozi hicho. Watoto walikuwa wakija likizo nzima kujipoza, wanajilaza kwenye zulia kati ya rafu, na sisi tunawaruka kwenda kurudisha vitabu. Nev ndiye aliyesema, "Hawa wamekuja wenyewe. Tusipowapa la kufanya, watanipa mimi la kufanya." Ndipo zikaanza Jumatano za Januari, ambazo leo hakuna familia hapa isiyozijua. Tumekuwa na akina mama wa kusokota sufu, na gari la zimamoto likiwanyunyizia watoto maji uwanjani. Tumerusha tiara, na moja bado imenasa juu ya maghala ya ngano. Mwaka wa mfuga nyuki hatuuzungumzii. Kila Jumatano ilifungwa na soseji ndani ya kipande cha mkate na vitunguu vya kukaanga, zilizochomwa na Nev mwenyewe, na mlaji alilipa kwa kusikiliza habari za kile kisima.

Nev alipaka rangi jengo hili mara mbili. Alitengeneza rafu za watoto kwa mbao za jukwaa la zamani la shule. Aliokoa vitabu vyote vya historia ya mji siku bomba lilipopasuka, akivipitisha dirishani huku akinieleza mabomba hupasuka kwa nini. Lakini si hayo tutakayomkumbukia zaidi, na kwa miaka mingi nisingeruhusiwa kuandika ninachotaka kuandika sasa.

Timu yetu ya mpira, Kasuku Weupe, ilipoishiwa wachezaji na kuunganishwa na ya mji jirani tuliouchukia kwa vizazi vitatu, mali zake ziligawanywa. Maktaba tukaangukiwa na vazi lao la kuchekeshea mashabiki: kasuku mweupe mrefu kuliko mlango, mwenye kishungi cha manjano, mdomo wa sponji, na harufu ya msimu mzima wa kushindwa. Nev alilivaa Jumatano moja ili awachekeshe watoto. Hakuchekesha. Mtoto wa kwanza kumwona alipiga yowe akajificha nyuma ya ramani ya dunia.

Nev, ambaye hajawahi kukosa la kusema, siku hiyo alikosa. Alikwenda kwenye kona ya dirishani, akaketi sakafuni, mguu mmoja ameunyoosha kwa kuwa goti lake la kushoto halikunjiki vizuri, kichwa amekiinamisha upande, akatulia tuli. Baada ya muda yule mtoto akachungulia. Akaja na kitabu, akakaa mbali kidogo, akaanza kumsomea. Nadhani alikuwa anamtuliza.

Basi ikawa desturi. Kila Jumatano Kasuku huketi konani, na mtoto anayetaka huenda peke yake kumsomea. Kasuku hasemi. Hasahihishi, hasaidii neno, hasukumi. Mtoto akimaliza ukurasa, Nev huvuta mshipi wa kuvulia alioupitisha ndani ya bawa, na kishungi husimama. Wazazi wageni hushangaa, kwa kuwa duniani kote kasuku anajulikana kwa maneno. Wa kwetu alijulikana kwa kunyamaza.

Siri ya nani yumo ndani ya vazi ilitunzika kwa sababu moja tu: hakuna aliyeweza kuamini kwamba Nev anaweza kukaa kimya nusu saa. Watu walimdhania mwokaji mikate. Walimdhania mchungaji wa Kilutheri. Walinidhania mimi. Siku nilipomwambia mke wake, Glenys, alikaa chini kwanza. "Kumbe anaweza?" akaniuliza. "Maree, naomba uniazime hilo vazi Jumapili tu."

Mwaka mmoja nilimuuliza Nev anawezaje. Alinijibu kwamba mle ndani jasho linakuingia mdomoni, huna budi kuufunga. Halafu akaacha mzaha, jambo ambalo kwake ni nadra. "Mimi nilipokuwa mdogo nikisoma," akasema, "kila mtu alinimalizia neno. Mwalimu, dada zangu, hata mama. Ndiyo nikajifunza kuongea mbio hivi, kabla mtu hajaniwahi." Kisha akanieleza kwa kirefu habari za mshipi alioutumia. Nimelikumbuka jibu hilo mara nyingi kuliko nilivyomwambia.

Kiangazi hiki alikuja Tahnee Rowse, wa miaka minane. Mama yake, Jodie, alikuwa ameanza kazi kwenye mizani ya magari ya ngano. Huko walikotoka Tahnee aliwahi kuchekwa darasani akisoma, na tangu hapo akafunga mdomo. Hakumsomea mwalimu, wala mama, wala mimi niliyejipendekeza kwa vitabu vyote vizuri nilivyonavyo. Jumatano ya kwanza alimzunguka Kasuku kwa mbali. Ya pili alikaa karibu naye, kitabu mapajani, bila kukifungua. Ya tatu nilimsikia kutoka mezani kwangu, taratibu sana, kidole chini ya kila neno. Nilitoka nje nikajifanya ninatafuta kitu garini, kwa kuwa machozi yalinishika.

"Kwa nini Kasuku na si mimi?" Jodie alimuuliza.

"Kasuku hana haraka," Tahnee akajibu.

Jumatano ya mwisho ya Januari huwa ni siku ya mji mzima. Watu hujaa, kuna keki za nazi na chai, na watoto wanaopenda husoma ukurasa mmoja mbele ya wote. Tahnee alikuja mezani akaandika jina lake mwenyewe. Alikuwa na sharti moja, Kasuku akae pembeni yake. Jodie alinivuta kando akaniambia, "Akishindwa siku hiyo, Maree, hafungui mdomo tena. Namjua mwanangu." Nikamwambia aondoe wasiwasi, Kasuku hajawahi kukosa.

Siku mbili kabla, Nev alianguka akiwa juu ya ngazi ya paa, kwa joto. Hakuvunjika kitu, ila daktari alimpiga marufuku vazi lile maisha yake yote. Nev alibishana naye, nasikia, kwa muda mrefu. Daktari naye ni mzaliwa wa hapa, amemzoea. Alimwacha aseme mpaka amalize, kisha akamwambia, "Umemaliza? Bado ni hapana."

Tukamwomba Brodie wa idara ya barabara alivae. Brodie ni kijana mwenye moyo mzuri na kimo kinachofaa. Tulimwonyesha zipu, tukamwonyesha mshipi, tukamwonyesha kona. Jambo moja hatukumwambia, kwa sababu tumelizoea hata halikutujia akilini. Na yeye angejuaje? Kasuku gani asiyesema?

Zamu ya Tahnee ikafika. Kitabu chake kilikuwa cha farasi anayeogopa mvua, farasi ambaye hapa Kulwarra, penye mvua haba, angeishi kwa raha. Alisoma sentensi ya kwanza. Alipokuwa katikati ya ya pili, kishungi kikaruka juu, na ndani ya vazi ikatoka sauti nene yenye furaha: "Safi sana, mwanangu! Endelea, unaweza!"

Watoto wadogo wawili walianza kulia papo hapo. Tahnee alifunga kitabu.

"Huyu siye," alisema. "Kasuku haongei."

Brodie masikini akavua kichwa akisema samahani, samahani, na hapo ndipo hali ikaharibika kabisa, kwa kuwa sasa Kasuku alikuwa na kichwa cha Brodie. Jodie alisimama. Mimi nilibaki nimekishikilia kipaza sauti. Nilimwona Tahnee akiangalia mlango.

Nev alikuwa ameketi safu ya mbele na fimbo yake. Kila mtu alimgeukia, maana kimya cha namna hii ndicho huwa anakijaza. Hakusema kitu. Aliinuka, akatembea hadi konani, akajishusha sakafuni kwa taabu, akaunyoosha ule mguu wa kushoto, akainamisha kichwa upande. Akatulia tuli. Nilisikia mtu nyuma yangu akinong'ona, "Nev anaumwa nini?" na mwingine akamwambia, "Shh. Mtazame."

Tahnee alimtazama. Aliutazama mguu, akakitazama kichwa, kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno. Kisha akaenda akaketi karibu naye na kufungua kitabu mwanzo.

Alisoma ukurasa wote. Kwenye neno moja refu alikwama, akarudi nyuma, akakwama tena. Ukumbi mzima ulikuwa unalijua neno lile na hakuna aliyelitamka. Nilimwangalia Nev. Amezaliwa na maneno mdomoni, na lile moja lilikuwa limemjaa mashavuni, lakini alikaza midomo akasubiri. Tahnee akalipata. Akaenda nalo hadi nukta ya mwisho, akainua macho.

Nev hakuwa na mshipi wala kishungi. Nywele zenyewe zimemwishia. Alinyanyua mkono wake akausimamisha juu ya kipara, vidole vitano vimenyooka.

Baadaye Jodie alimuuliza binti yake alimtambuaje. "Goti," alisema Tahnee, akitafuna soseji. "Na siku zote ananuka vitunguu." Inaelekea nusu ya watoto walijua miaka yote, na walinyamaza ili wasimharibie.

Vazi tumelitundika ukutani, limefuliwa, ingawa harufu haijatoka. Hatutamvisha mtu tena. Kuanzia Januari ijayo, mtu mzima yeyote wa Kulwarra anaweza kuja Jumatano kuketi konani kwa zamu, akiwa na sura yake mwenyewe, kwa sharti lile lile la kufunga mdomo. Brodie amejiandikisha wa kwanza. Anafanya mazoezi nyumbani.

Kwa niaba ya wafanyakazi wenzake, namshukuru Nev kwa kiyoyozi, kwa rafu, kwa vitabu vilivyopita dirishani, na kwa kila mtoto aliyejifunza kwetu kwamba mtu anaweza kungojewa. Glenys naye tunampa pole mapema, maana sasa atakuwa naye kutwa nzima. Tunawaombea afya na safari ya kwenda baharini wanayoipanga tangu wakiwa bado wachumba.

Sherehe ni Ijumaa saa tisa alasiri, hapa maktaba. Kwenye ratiba Nev aliomba dakika tano za kusema machache. Tumempa alasiri nzima, pamoja na kisima na kiatu. Njoo uongee, Nev, kwa mwendo unaoutaka. Tutakuwa tumeketi sakafuni. Hakuna atakayekukatiza wala kukumalizia neno, na ukifika mwisho utaona mwenyewe mikono yetu iko wapi.