Wakesho Aliyeuliza, "Nimekuwa Nambari Ngapi?"

Bwana asifiwe! Wakesho hakupenda hotuba za kuburuta miguu, kwa hivyo mimi Sylus, mdogo wake anayemfuata, nitasoma kwa mwendo wake. Jedidah Wakesho alizaliwa Bura tarehe 9 Juni 1996, kifungua mimba wa Mzee Thadeus na Mama Pauline.

Alisomea papa hapa Bura. Mwaka 2013, kwenye mbio za shule mjini Voi, alivuka mstari akaanguka, akazimia. Kijana wa timu nyingine, Noah, akambeba hadi kivulini. Alipofumbua macho, la kwanza: "Nimekuwa nambari ngapi?" Noah akamwambia, "Ya pili." Jamani, alinuna mpaka Bura! Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 2020, wakabarikiwa binti, Valentine.

Alifundisha shule ya msingi Voi, na michezo yote ikawa mikononi mwake. Watoto walimwita Mwalimu Mbio.

Alizimia tena mara mbili, kila mara akikimbia. Tukasema hajala, tukampa glukosi. Babu Obadiah akasema kuna mtu wa ukoo ana hasira naye, basi tukakaa kutasa, kama Wadawida tulivyolelewa: kila mmoja alitaja kinyongo chake, akatema funda la maji, yakaisha. Mimi nilikiri kula kuku wake. Tulicheka, tukapatana, ilikuwa siku tamu kweli! Ila hospitali hatukwenda. Hapo tulikosea, na inaniuma.

Jumamosi tarehe 14 Machi 2026, kwenye mbio za Maungu, alianguka akiongoza, hakuamka tena. Daktari aliyeupasua mwili wake kutafuta chanzo cha kifo alitueleza: alizaliwa na mshipa wa kulisha moyo uliochipuka upande usio wake. Akikimbia kwa nguvu, mshipa unabanwa, moyo unakosa damu. Kisha akauliza, "Kuna mwingine kwenu anayezimia akikimbia?" Mama akamgeukia kitinda mimba wetu Shanice, aliyeanguka uwanjani Januari.

Jumatano Shanice alipigwa picha ya moyo Mombasa. Jana wamepiga simu: ana mshipa uleule, na unatengenezeka! Anapasuliwa tarehe 9 Aprili. Wazazi wenzangu, mtoto akizimia mbioni, msiishie kwa glukosi. Mpelekeni apimwe moyo.

Ameacha mume wake Noah, binti yao Valentine, baba na mama, Babu Obadiah, mimi, na Shanice, ambaye atapona.

Dada, najua bado unauliza. Nambari moja. Haya, sasa pumzika kwa amani.