Swali la Mwenye Gambuti

Mnanichosha. Dagaa wangu wako juani, kunguru wananikodolea, nanyi mmejipanga hapo mnataka habari za Injinia. Haya, ila atakayenikatiza ndiye atakayefukuza kunguru. Kule Igoma, chini ya mlima wa mawe, Sabina ana benchi na birika la kahawa, na nyumba yake iko nyuma ya benchi. Tangu Chenge afukie korongo la maji apate uwanja wa kufyatulia matofali, mvua ikinyesha tu, wanawe Sabina wanaamka wanaelea. Hasemi, maana Chenge ndiye anayekinunulia kahawa kijiwe kizima. Wanamwita Injinia, na shule yenyewe aliiona akipita. Basi asubuhi moja gumzo likawa hili: Jiji linatafuta wahandisi washauri wa kuchora barabara mpya ya hapo, na makampuni yanayoomba kazi yanakuja kupaona.

— Mshauri! — alianza Chenge. — Mtu alipwe kwa kushauri tu? Hachimbi, hajengi?

— Shangazi yangu ananishauri bure tangu nazaliwa, — alisema Nestory, wanayemwita Bunge kwa mdomo wake. — Wangemchukua yeye.

— Wangenichukua mimi. Penye miti hapana wajenzi.

— Hapa ni mawe matupu, Injinia. Miti iko wapi?

— Ndiyo maana nikasema wajenzi!

Mzee Farouk, fundi cherehani, aliguna.

— Nyie watoto. Hao wanarusha droni, wanatafuta dhahabu chini ya mawe. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Droni inainama, mzee?

— Inainama. Nimeiona kwa macho yangu, kule Ilemela.

— Dhahabu wapi! — alidakia Bunge. — Barabara ni geresha. Chini wanalaza bomba, sangara wapande wenyewe mpaka Ulaya.

— Wakiwa hai?

— Sasa mfu atapandaje?

Wakacheka, kahawa ikawamwagikia. Sabina naye alicheka, miguu yake ikiwa kwenye matope ya mvua ya jana, na godoro la wanawe limeegemea ukuta likichuruzika.

Gari la kwanza likaja. Kioo kikashuka, simu ikapiga picha, kioo kikapanda, gari likaondoka. La pili vivyo hivyo. La tatu likasimama, akashuka binti mmoja mwenye gambuti.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama, — Chenge aliinuka. — Umefika. Injinia wa hapa ni mimi.

— Nashukuru. Naitwa Dorcas. Nina swali dogo tu: mvua ikinyesha, maji ya mlima huu yanapita wapi?

Mzee Farouk akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Bunge akajidai kuhesabu mawe ya mlima.

— Maji… yanafuata mkondo, — alisema Chenge.

— Upi?

— Bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi.

Hakuna aliyeelewa, hata yeye mwenyewe.

Sabina alilitazama birika. Akisema, kesho vikombe vyote hivi atavinunua nani? Kisha akalitazama godoro.

— Yanapita kwangu, — alisema. — Zamani yalipita pale kwenye matofali ya Injinia wetu.

— Bhebhe, wewe Sabina! Na kahawa yote ninayonunua kwako?

— Nilikuuzia kahawa, Chenge. Sikukuuzia mdomo wangu.

Kampuni ya Dorcas ndiyo iliyopata kazi, na mchoro ulipotoka, korongo lilikuwa palepale Mungu alipoliweka. Chenge alikimbilia ofisi ya mtaa kudai fidia. Wakamuuliza, fidia ya kufukia maji ya watu? Kijiwe nacho kikakaa, safari hii kila mtu kajinunulia kahawa yake, kikamkatia hukumu: afukue alichofukia, na maji yalipoharibu kwa Sabina ajenge.

Akalipa. Korongo alilifukua mwenyewe kwa sururu, siku nzima jua linampiga utosini. Matofali aliyokuwa ameyapanga kwa ajili ya kuuza akayahamishia kwa Sabina kichwani, akamwinulia msingi na kumjengea ukuta upya: saruji yake, mchanga wake, mgongo wake. Na godoro jipya juu.